Shilingi: jinsi ya kuiandika na kuisoma bila utata

Ankara ikitoka Namanga au Busia imeandikwa "Sh 200,000", uliza kwanza: shilingi ya nani? Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia zote zinatumia jina hilo, na thamani hazikaribiani. Shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya kumi za Tanzania.

Zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shilingi moja, iliyoanza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni ya Uingereza. Zanzibar iliachana na rupia na kujiunga 1936. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa yake kupitia benki kuu mpya, jina likabaki. Neno lenyewe ni la Kiingereza, na Wajerumani nao wanalo. Austria ilitumia Schilling hadi ilipoingia yuro.

Kwenye mkataba au ankara ya kuvuka mpaka, tanguliza msimbo wa herufi tatu: KES, TZS, UGX au SOS. Usiandike UGS; huo ulikuwa wa shilingi ya Uganda iliyofutwa 1987, mpya moja kwa kuukuu 100. Kwa biashara ya ndani, KSh, TSh au USh yatosha.

Alama ya /= ni masalia ya hesabu za senti. Mkwaju ulitenga shilingi na senti: 3/50 ni shilingi tatu na senti hamsini, na vistari viwili vilimaanisha senti hakuna. Kwa hiyo "450.00/=" ni kusema jambo moja mara mbili. Kwenye risiti ya mkono ibananishe na tarakimu ya mwisho, asije mtu akachomeka sifuri.

Penye balaa hasa ni maneno. "Shilingi elfu mia mbili" mmoja husikia 200,000, mwingine 1,200, na wote wawili wana haki. Kwa 200,000 andika "laki mbili" au "mia mbili elfu"; kwa 1,200 andika "elfu moja mia mbili", wala usiiache hiyo "moja" hata kama mdomoni huitamki. Malizia na "tu": "Shilingi laki mbili na elfu hamsini tu" ni 250,000, na haiongezeki kitu baada ya hapo. Maneno na tarakimu zisipolingana kwenye hundi, tarajia benki kuirudisha.

Shilingi hutangulia idadi, na umbo halibadiliki: shilingi moja ya Kenya, shilingi kumi za Kenya. "Mashilingi" ni ya kijiweni. Pesa (kutoka paisa ya Bara Hindi) na hela (kutoka Heller ya Wajerumani) zamani zilikuwa majina ya sarafu mahususi. Leo ni fedha yoyote ile, kwa hiyo "hela 5,000" haifai kwenye hati.

Unapoandikiana na mtu wa Bukavu au Bujumbura, angalia nukta. Huko wengi huandika kwa mtindo wa Kifaransa, nukta au nafasi kwa maelfu na mkato kwa desimali, basi 12.500 yake ni elfu kumi na mbili na mia tano, wakati mhasibu wa Nairobi ataisoma kumi na mbili na nusu. Ondoa senti kabisa, kisha andika kiasi kwa maneno.