Kutoka gitaa la besi kwenda dabo besi: kwa wapigaji wa Mwanza

Nyuzi ni zilezile nne: E, A, D, G. Mpiga besi wa bendi ya dansi anayetaka kuingia kwenye jazi hatupi alichonacho. Kinachobadilika ni urefu. Uzi wa gitaa la besi una kama sentimita 86. Wa dabo besi, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama, kwa saizi ya kawaida iitwayo robo tatu, una kama 105, tena bila freti, vile vyuma vinavyogawa noti shingoni.

Panga mguu wa chuma wa chini hadi mwanzo wa shingo, upande wa kichwa cha besi, ufike usawa wa paji la uso, kisha besi iegemee nyonga ya kushoto. Kama unaishikilia kwa dole gumba isianguke, hujasimama sawa.

Karibu na kichwa cha besi tumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho. Cha pete husaidia cha mwisho. Toka shahada hadi cha mwisho ni toni moja tu, yaani freti mbili za gitaa. Ukitandaza vidole vinne kama kwenye gitaa, kifundo kitauma na noti zitapinda. Kupima sikio, piga D wazi, kisha itafute D hiyohiyo kwenye uzi wa A. Sauti mbili zikigongana na kuyumbayumba, bado hujafika.

Mkono wa kulia usidonoe kwa ncha. Laza shahada karibu sambamba na uzi, mwishoni mwa ubao wa shingo, uvute kwa uzito wa mkono. Lengelenge likianza, acha. Likipasuka Alhamisi, Jumamosi hupigi.

Anza na bluzi ya F, mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo. Unakwenda B flati? Piga F, A, C, B, uingie. Msikilize Paul Chambers, mpiga dabo besi wa jazi wa Marekani: noti haikatiki kabla ya inayofuata.

Ndani ya besi, chini ya daraja (kibao kinachobeba nyuzi) upande wa G, kuna kijiti kisichogundishwa. Hubanwa na mkazo wa nyuzi. Kwa hiyo badilisha uzi mmoja mmoja. Kikianguka, legeza nyuzi zote papo hapo, uso usije ukabonyea.

Daladala sahau. Kodi kirikuu, laza besi ubavu, kamwe si kifudifudi juu ya daraja. Kwenye meli ya Ukerewe ikae kivulini, maana joto hulainisha gundi inayounganisha mbao, ile iliyotengenezwa kwa ngozi ya mnyama, na maungio huachia. Usizibe kwa supaglu. Fundi atakayefuata atapasua mbao.

Kwenye bei unayoipa hoteli kwa kupiga, nauli ya kirikuu iandike mstari wake. Ukiichanganya na malipo yako, meneja akiomba punguzo utajikuta unajilipia usafiri.