Ukienda Chatsworth, anzia Edensor

Wageni wangu wakifika hapa Sheffield, Uingereza, hutaka kwenda moja kwa moja Chatsworth, lile jumba la ukoo wa Cavendish kule Derbyshire. Mimi huwashusha kwanza Edensor, kijiji kilicho kwenye ardhi ya ukoo huohuo. Mwambie dereva wa basi "Enza", ndivyo wenyeji wanavyotamka. Jumbani utawaona wenye mali tu. Watu wengine wote utawakuta parokiani.

Anza na nyumba. Hakuna mbili zinazofanana, na zote zimejificha zisionekane kutoka jumbani. Kijiji kilihamishwa na Duke wa 6 wa Devonshire (ndicho cheo cha mkuu wa ukoo wa Cavendish) miaka ya 1830 na 1840, kazi akamwachia Joseph Paxton, mkuu wa bustani zake. Ng'ambo ya barabara kuna nyumba moja pekee iliyozungushiwa ukuta: hiyo ndiyo masalio ya kijiji cha zamani. Waliohamishwa sidhani kama waliulizwa.

Kanisa la Mtakatifu Petro lilijengwa upya miaka ya 1860, lakini usiishie kutazama kuta. Tafuta kaburi la fahari la ndugu wawili, Henry na William Cavendish, mmoja amechongwa kama mifupa mitupu na mwingine amefungwa sanda. Tafuta pia bamba la shaba la John Beton, mtumishi wa Malkia Mary wa Uskoti, aliyefariki mwaka 1570 malkia wake akiwa mfungwa.

Kisha panda makaburini hadi juu kabisa, walikolala akina Duke chini ya mawe ya kawaida. (Kaburi la Paxton, mtunza bustani, limewazidi ukubwa.) Wengi hukimbilia alipozikwa Kathleen, dadake John F. Kennedy. Wakenya wenzangu, mtafuteni Duke wa 9, Victor Cavendish, aliyefariki 1938. Ndiye yule wa Waraka wa Devonshire wa 1923, yaani tamko la serikali ya Uingereza, tuliokaririshwa shuleni: Kenya ni nchi ya Waafrika, maslahi yao yatangulie. Nyanda za juu zikabaki za walowezi vilevile.

Sasa teremka kwa miguu hadi jumbani. Kutembea uwandani ni bure, kuingia ndani kunahitaji tiketi, na bei yake si ndogo. Dari zilizochorwa utaziona tu hata bila kuambiwa. Ila chungulia fidla inayoning'inia mlangoni katika chumba cha muziki. Imechorwa.

Ukitaka majina ya wapishi na wachunga farasi, nenda hifadhi ya nyaraka ya Derbyshire, mjini Matlock. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538, na sensa zinataja watu kwa majina kuanzia 1841. Omba kwa jina la parokia. Ukitaja jumba, utaelekezwa kwenye barua za akina Duke.