Somo: Kumfundisha mtoto kujituliza, tangu chekechea hadi balehe

Ndugu wazazi, walezi na walimu wenzangu, somo la leo linahusu namna ya kumsaidia mtoto aimudu hasira yake, woga wake, wivu na huzuni yake. Halihusu kumnyamazisha. Naliweka wazi mapema kwa sababu nyumba nyingi zina watoto wanyamavu wanaodhaniwa wametulia, kumbe wanaogopa. Mtoto anayejizuia kwa sababu baba yuko sebuleni, siku baba akisafiri mdogo wake ndiye atakayekipata. Tunayemtaka ni mtoto anayejizuia hata akiwa peke yake, na huyo hatokei kwa vitisho. Anafundishwa.

Hatua ya 1: Anza na wewe

Mtoto mdogo hawezi kujituliza mwenyewe. Anatulizwa kwanza na mtu mzima, tena na tena, mpaka mwili wake uzoee. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kujizuia na kupanga, huchelewa sana kukomaa; inaendelea kukua hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Kwa hiyo unapomwambia mtoto wa miaka mitatu "jizuie", unamdai kitu ambacho bado hana.

Akipandwa na hasira, chuchumaa mpaka uso wako uwe sawa na wake. Shusha sauti. Sema machache: "Nipo hapa. Naona umekasirika." Basi. Mtoto anayelia kwa kwikwi hasikii mawaidha, na mzazi anayepayuka "nyamaza!" anamfundisha kupayuka. Kama na wewe umechemka, mwambie, "Mama naye amekasirika, nakunywa maji kwanza." Hapo umemfundisha zaidi ya hotuba nzima.

Hatua ya 2: Mpe majina ya kilichomo moyoni

Hapa nitakaa kidogo, maana naona ndipo tunapopuuzia. Watoto wengi wanajua majina mawili tu, furaha na hasira, na kila kibaya wanakiita hasira. Lakini aliyechekwa darasani ana aibu. Aliyeona mdogo wake kanunuliwa viatu vya sikukuu ana wivu. Aliyenyang'anywa mpira ana uchungu, aliyehamia mtaa mpya ana upweke, na anayesubiri matokeo ya mtihani ana wasiwasi. Kila hali ina dawa yake. Mwenye wasiwasi ukimpa adhabu ya mwenye hasira, unamwongezea mzigo.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la kwanza aliyekuwa akitupa daftari chini kila zamu yake ya kusoma ikikaribia. Wote tulimwita mkorofi. Siku moja, wenzake wakiwa mapumzikoni, nilikaa naye kwenye dawati nikamwuliza, "Ukiona zamu yako inakuja, unasikia nini, na unasikia wapi?" Akashika tumbo. "Huku. Naogopa watanicheka." Tangu hapo alisoma akiwa amesimama kando ya meza yangu, kwa sauti ya chini, na daftari halikutupwa tena. Ule ulikuwa woga uliovaa nguo za ukorofi.

Kutaja hisia si porojo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watu wazima waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira na woga. Walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ilipunguza kasi.

Tahadhari moja tu: usilitumie jina la hisia kumsuta. "Wewe una wivu!" ni tusi. Sema, "Naona kama umeumia dada alipopewa yeye. Ndivyo, au siyo?" Mwache akusahihishe.

Hatua ya 3: Pumzi

Fupi na rahisi. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kwa mdomo kama anayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ni wakati wa kutoa ndipo mapigo ya moyo yanapopungua. Mara nne au tano zinatosha. Mfundishe akiwa ametulia, labda jioni kabla ya kulala, ili siku ya kishindo asiwe anajifunza upya.

Hatua ya 4: Hisia ruksa, tendo lina mpaka

"Kukasirika ruksa. Kumpiga mdogo wako, hapana." Sentensi hizi mbili ziende pamoja. Akinyanyua mkono, mshike kwa upole lakini kwa uthabiti. Akishatulia, atengeneze alichoharibu: aokote vikombe, afute uji uliomwagika, amsaidie mwenzake kujenga upya nyumba ya matofali aliyoibomoa. Samahani ya kulazimishwa katikati ya kilio haina maana. Ya baada ya dakika ishirini, akiwa anafuta uji, huwa anaimaanisha.

Hatua ya 5: Michezo yetu ndiyo mazoezi

Chukua mchezo wa "nyama nyama". Kiongozi anataja wanyama haraka haraka: ng'ombe, mbuzi, kuku, na watoto wanaruka wakiitikia "nyama!" Ghafla anataja punda au paka. Anayeruka ametoka. Mtazame mtoto wa miaka sita wakati huo: magoti yamekunjwa, mdomo umefunguka, na anajirudisha chini dakika ya mwisho. Kule kujirudisha ndiko kujizuia kwenyewe, na anakufanyia mazoezi mara thelathini kwa furaha, bila kusukumwa. Kombolela humfundisha kuvumilia mafichoni, mdako humfundisha kupokea kushindwa na kusubiri zamu. Mimi naamini saa moja ya michezo hii uwanjani inashinda programu nyingi za simu zinazouzwa kwa jina la malezi.

Wala tusidhani subira ni elimu ya kuagiza nje. Lile jaribio maarufu la peremende, ambalo Walter Mischel alilianzisha Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, humwacha mtoto na kitamu kimoja na kumwahidi cha pili akisubiri. Watafiti walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa wakulima wa Kinso huko Kamerun na wenzao wa Ujerumani. Matokeo yalichapishwa 2018: Wanso waliosubiri mpaka mwisho walikuwa takriban 70%, Wajerumani chini ya 30%. Baadhi ya watoto wa Kinso walisinzia pale pale mezani. Hao wamelelewa tangu uchanga kukaa na wakubwa kwa utulivu na kushiriki kazi za nyumbani.

Hatua ya 6: Rudini kwenye kisa mkiwa mmetulia

Jioni, mkichambua mchele au mkikunja nguo, uliza: "Ilianzaje? Ulisikia nini mwilini kabla hujampiga?" Kisha mpange pamoja: "Kesho akikunyang'anya tena, utafanya nini?" Jibu liwe lake na liwe tendo. "Nitakuwa mzuri" si mpango. "Nitasema 'nirudishie', asiponirudishia nitamwita mwalimu," huo ni mpango.

Hatua ya 7: Wakiingia balehe

Hapa mbinu zinabadilika. Kijana hataki kuchuchumaliwa. Anazungumza vizuri zaidi mkiwa bega kwa bega, mnatembea kwenda sokoni au mnaosha gari, kuliko mkitazamana kama polisi na mtuhumiwa. Usimfokee mbele ya wenzake. Aibu katika umri huo ni moto. Na angalia usingizi: wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na mdogo wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Nimeona vijana wengi wanaoitwa wakaidi ambao wanalala saa saba za usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi daladala. Simu zilale sebuleni, ya mzazi ikiwemo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Morogoro: *Mwalimu, mwanangu ana miaka miwili na nusu. Tukifika dukani akinyimwa biskuti anajigaragaza chini, watu wote wananitazama. Nifanye nini?*

Pole, mama. Umri huo ndio wenyewe, na huwa unapita. Kabla ya kutoka mwambie, "Leo tunanunua sukari na sabuni tu," na hakikisha amekula. Akijigaragaza, mbebe mtoke nje, kaa naye mpaka atulie. Usimpe biskuti ili anyamaze, maana atajua bei yake ni kilio. Watu wanaotazama waache watazame. Wengi wamelea, wanajua.

Baba wa Kahama: *Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Bila fimbo hawa si watatupanda kichwani?*

Mzee wangu, kukunja ndiko hasa ninakokuzungumzia, na mapema. Fimbo inamjulisha mtoto kwamba umekasirika, ila haimwonyeshi afanye nini badala yake. Pia inamfundisha kuwa mwenye nguvu humaliza neno kwa mkono. Mipaka ibaki, tena mikali: akivunja kioo kwa makusudi, akose kucheza, afanye kazi ya kulipia. Jaribu hatua ya 4 na ya 6 mwezi mzima bila kurukaruka, halafu njoo tuzungumze.

Bibi wa Pemba: *Mwanangu yuko Oman anafanya kazi, kaniachia mjukuu wa miaka minane. Tangu mama yake aondoke amekuwa mjeuri, hataki hata kuongea naye kwenye simu.*

Shikamoo bibi. Huyo mtoto ana uchungu wa kuachwa, na kumkataa mama kwenye simu ni njia yake ya kusema "umeniumiza". Asilazimishwe kuongea, asikilize tu, au atume ujumbe wa sauti au picha aliyochora. Simu iwe na siku zake maalumu, ili asiwe anaisubiri kila saa. Na tafadhali msimwambie "mama anarudi kesho" ili alale. Mwambieni ukweli, hata kama ni miaka miwili. Wewe kaa naye, umwambie na wewe unammisi mama yake. Ataona hayuko peke yake na huzuni hiyo.

Mwalimu wa shule ya msingi, Geita: *Darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Hayo ya kuchuchumaa kwa mmoja mmoja nitayaweza wapi?*

Hutayaweza, na usijilaumu. Chagua mawili ya darasa zima. Moja, pumzi tano pamoja kabla ya somo la kwanza na baada ya mapumziko. Pili, makofi ya kuitikiana: unapiga mtindo fulani, wanaurudia, kisha kimya. Koo lako litapona. Wale watatu au wanne wanaokusumbua zaidi, kila mmoja mpe dakika mbili kwa wiki, wakati hajakosea.

Mlezi wa Mombasa: *Binti wa miaka 15 anajifungia chumbani, hali vizuri, hataki marafiki. Ni balehe tu au kuna jambo?*

Kununa siku mbili tatu ni kawaida. Yakipita majuma mawili hivi, hali, halali, ameacha alivyokuwa akivipenda, hilo si la kungoja. Muulize wazi, kwa upole, kama kuna mtu anamdhuru, na kama anawaza kujiumiza. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ushauri piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Inatumika Kenya na Tanzania. Na leo usiku gonga mlango, mpelekee chai, ukae naye hata kama hasemi kitu.