Lukemia ya CML: kumeza imatinibu, kusoma majibu ya maabara na kujua lini ukimbilie hospitali

Saratani za damu ni nyingi na matibabu yake hayafanani. Hapa tunazungumzia moja tu, lukemia sugu ya mieloidi, ambayo kwenye kadi ya kliniki utaikuta imeandikwa CML. Dawa yake kuu ni kidonge cha kumeza nyumbani kila siku, kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu iko mikononi mwa mgonjwa na watu anaoishi nao.

Damu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Katika CML, chembe mama moja ya ubohoni hupata hitilafu: kipande cha kromosomu (uzi wa ndani ya chembe unaobeba jeni) ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana mahali. Kromosomu fupi inayotokana na hapo iligunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia, Marekani, na mpaka leo inaitwa kwa jina la mji huo. Jeni mbili zilizokutana zinakuwa moja, BCR-ABL, na protini yake huamrisha chembe nyeupe zizaliane bila kukoma. Imatinibu (kwenye boksi imeandikwa Imatinib) huziba mahali hasa protini hiyo inapopatia nguvu zake. Mtu hazaliwi na hitilafu hii, harithishi watoto wake, wala haiambukizi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja.

Bandama kubwa si malaria siku zote

Dalili huja polepole: uchovu, jasho la usiku, kupungua uzito, kushiba kwa matonge machache, na uzito chini ya mbavu za kushoto ambako bandama imevimba. Kwetu bandama huvimba pia kwa malaria ya mara kwa mara, kichocho, na kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, katika maeneo kama Baringo nchini Kenya, hivyo ni rahisi mgonjwa kuzungushwa kwa miezi na dawa zisizomhusu. Kinachokata mzunguko huo ni picha kamili ya damu, kipimo ambacho maabara nyingi za Tanzania hukiandika FBP. Chembe nyeupe za mtu mzima mwenye afya ni kama 4 hadi 11, yaani elfu kwa kila mikrolita. Maambukizi makali yanaweza kuzipandisha hadi 20 au 30. Zikifika 100 na kuendelea, usikubali kuondoka na dawa ya malaria pekee. Omba rufaa kwa daktari wa damu au wa saratani.

Uthibitisho ni kipimo cha jeni ya BCR-ABL. Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ina katriji maalumu ya kazi hii, kwa hiyo uliza kama hospitali ya rufaa unayoenda inazo. Wakati mnasubiri majibu, bandama isikandwe na isichanjwe chale. Iliyovimba inaweza kupasuka, na ngozi iliyochanjwa ni mlango wa kuvuja damu na wa maambukizi.

Kumeza

Dozi ya kawaida ya mtu mzima katika hatua ya kwanza ya ugonjwa ni miligramu 400, mara moja kwa siku. Vidonge hutengenezwa vya 100 na vya 400, na hapo pana hatari: aliyezoea kumeza vinne vya 100 akipewa boksi la 400 akaendelea na vinne, anameza mara nne ya dozi yake. Kila ukipokea boksi jipya, soma namba kabla hujaondoka dirishani.

Meza katikati ya mlo mkubwa wa siku, kwa bilauri kubwa ya maji, ukiwa umekaa. Dawa hii huchoma tumbo. Anayemeza kwa chai tupu asubuhi akapata kichefuchefu ahamie kwenye ugali au wali wa mchana. Mara nyingi hilo linatosha. Usimeze kisha ukajilaza papo hapo. Asiyeweza kumeza kidonge kizima akiweke kwenye maji: mililita 50 kwa cha 100, mililita 200 kwa cha 400. Koroga kwa kijiko mpaka kisambaratike chote, anywe hapohapo, kisha tia maji kidogo, zungusha bilauri na anywe masalia. Mjamzito asikoroge wala kushika unga huo.

Ukitapika baada ya kumeza, usirudie. Subiri dozi ya kesho. Ukisahau, meza siku hiyohiyo pamoja na chakula. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita, usimeze mbili kwa mpigo. Mwezi wa Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku inakaa vizuri kwenye futari, lakini mwenye kuhara au figo dhaifu azungumze na daktari kabla ya kuanza kufunga. Vidonge vikae ndani ya pakiti yake, pakavu, chini ya nyuzi 30, mbali na jiko.

Kosa kubwa kuliko yote huja mgonjwa akishapata nafuu. Baada ya miezi michache bandama imerudi kwenye ukubwa wake wa kawaida, FBP ni safi, amerudi shambani au kazini, anajiona amepona, anaanza kuruka siku. FBP safi haina maana kwamba jeni imeondoka. Imebaki ubohoni, na dawa ikipungua mwilini chembe zenye jeni hiyo hurudi kuzaliana, nyingine zikiwa zimebadilika kiasi kwamba dawa haizishiki tena. Tafiti zinaonyesha kuwa wanaomeza chini ya asilimia 90 ya vidonge vyao hawafikii viwango wanavyofikia wenzao. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni kuruka zaidi ya siku tatu. Weka alama kwenye kalenda kila ukimeza, na nenda kuchukua boksi jipya zikiwa zimebaki siku saba.

Maudhi ya dawa

Kope kuvimba asubuhi ni jambo la kawaida: punguza chumvi, inua mto. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, au pumzi ikibana, nenda kliniki. Misuli ya mashavu ya miguu na vidole hukaza hasa usiku. Nyoosha mguu taratibu, kunywa maji, na uliza kama kalsiamu na magneziamu zipimwe. Kwa kuhara, tumia ORS. Ngozi nyeusi inaweza kung'aa kuwa nyeupe zaidi kwa sababu dawa hugusa pia njia ya kutengeneza rangi ya ngozi. Si mkorogo, si mkosi, na mgonjwa asiache dawa kwa maneno ya watu. Ajikinge na jua tu. Upele wenye malengelenge, vidonda vya mdomoni au macho ya njano ni habari nyingine: hospitali siku hiyohiyo.

Dawa nyingine zinaweza kuiua nguvu imatinibu. Ya kuogopwa zaidi kwetu ni rifampisini ya kifua kikuu, ambayo hushusha sana kiwango chake kwenye damu. Ukigundulika na TB, kliniki mbili hizo lazima ziwasiliane kabla hujaanza. Karbamazepini na fenitoini za kifafa hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya ARV ama huishusha ama huipandisha. Balungi na danzi huipandisha. Chungwa la kawaida halina neno. Dawa ya mitishamba itaje kwa daktari bila kuona haya.

Namba za kufuatilia

FBP hupimwa kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zikishuka chini ya 1.0, au chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) chini ya 50, daktari husimamisha dawa kwa muda na huirudisha zikifika 1.5 na 75. Uamuzi huo ni wake, usiufanye nyumbani.

BCR-ABL husomwa kwa asilimia, kwenye kipimio cha kimataifa chenye herufi IS. Inatakiwa iwe asilimia 10 au chini ya hapo ikifika miezi mitatu, 1 ikifika miezi sita, na 0.1 ikifika mwaka. Zaidi ya 10 kwenye miezi sita, au zaidi ya 1 kwenye mwaka, maana yake matibabu hayaendi. Swali la kwanza ni vidonge vimemezwa vyote au la, kwa hiyo sema kweli: ukificha, utabadilishiwa dawa iliyokuwa inafaa. Kama vimemezwa, zipo nilotinibu, dasatinibu na nyinginezo.

Usingoje tarehe ya kliniki kwa homa ya nyuzi 38 hata kama umepimwa malaria ikaonekana, damu isiyokata puani au kwenye fizi, kuona ukungu ghafla, maumivu makali ya kushoto yanayopanda hadi begani, au uume uliosimama kwa maumivu zaidi ya saa nne. Hili la mwisho wanaume hulificha kwa aibu, na kuchelewa kunaharibu kiungo.

Mwanamke asishike mimba wala kunyonyesha akiwa anameza. Anayetaka mtoto alizungumze mapema, jeni ikiwa imeshuka sana, ili mpango upangwe kabla ya mimba. Kuacha dawa kabisa hufikiriwa tu kwa aliyemeza kwa miaka mingi, ambaye jeni yake imekaa chini ya asilimia 0.01 kwa miaka miwili au zaidi, na anayeweza kupimwa BCR-ABL kila mwezi mwanzoni. Takriban nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza, na hurudishwa kwenye dawa mara moja. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani kila mwezi, endelea kumeza.