Poti ya swichi ya SAN (mtandao wa hifadhi ya data), kabla ya kuchomeka seva

Mimi huanza na amri ya `switchshow`. Hapo naona poti ipi iko Online, ipi ni No_Light (haipokei mwanga), ipi haina SFP (moduli ndogo ya kuingiza faiba) kabisa. Tuseme ni swichi ya Brocade, poti 7. Ipe jina kwanza: `portname 7 -n db01_hba0`. Wengi huruka hatua hii, halafu saa nane usiku wanafuata waya kwa tochi ya simu.

Kasi: `portcfgspeed 7 8` kama kadi ya seva ni ya gigabiti 8, ukiandika 0, swichi itachagua yenyewe. SFP ya gigabiti 16 hushuka hadi 8 na 4, haifiki 2. Nilipoteza asubuhi nzima nikilaumu waya, kumbe kadi ilikuwa kuukuu, ya 2.

Chomeka, `portenable 7`, kisha `switchshow` tena. Unatafuta neno F-Port (poti iliyounganishwa na kifaa) na WWN (namba ya utambulisho) ya seva. Ikibaki No_Light, badilishana ncha mbili za faiba upande mmoja tu. Mara nyingi Tx (upande wa kutuma) imekutana na Tx.

Futa hesabu za makosa kwa `statsclear`, kanywe chai, urudi usome `porterrshow`. Safu ya crc err (data iliyoharibika njiani) ikipanda, safisha ncha kwa kalamu yake maalumu. Si kwa shati, jamani.