Umeona kichaka usichokijua Ngezi? Anza hivi

Usikimbilie kukipa jina. Mwaka wangu wa kwanza katika msitu wa Ngezi, Pemba, nilishangilia "spishi mpya" siku nne nzima. Kumbe ni mti wa kawaida uliochipua baada ya kukatwa. Mzee aliyeniongoza alicheka mpaka akakaa chini.

Ukishapata kibali, kata tawi lenye maua, na matunda kama yapo. Kichaka kikiwa kimoja tu, kata kidogo. Kabla hujalibana kwenye magazeti, andika yale yatakayopotea: rangi ya petali, harufu, utomvu, urefu wa kichaka, aina ya udongo. Ua la zambarau likikauka huweza kugeuka kahawia, nawe ukabaki kubahatisha. Maua mawili matatu yatumbukize kwenye spiriti yasipondeke. Hayo ndiyo utakayoyapasua baadaye kuhesabu stameni na kutazama ovari. Badili magazeti kila siku. Pemba kuna unyevu, na kuvu haina subira.

Kisha kazi ya kuchosha: linganisha na sampuli za jamaa zake katika herbaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, za Dar es Salaam, Nairobi na Kew, Uingereza. Ukubwa wa jani peke yake hautoshi. Majani ya kivulini hutanuka.

Ukiridhika kuwa ni spishi mpya, teua sampuli moja iwe holotaipu, yaani kielelezo rasmi cha jina hilo, taja herbaria inakotunzwa, kisha chapisha maelezo kwa Kilatini au Kiingereza. Tangu 2012 kimojawapo kinatosha. Kiswahili bado hakikubaliwi, na hilo linanikera. Jina unachagua mwenyewe. Kukiita kichaka kwa jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni za majina ya mimea, ni aibu tu.