Somo: Kumpa mbwa jike jina tamu bila kugombana na majirani

Wakuu, habari za jioni kutoka Mwanga, Kigoma. Wiki hii nimeulizwa swali lile lile mara tatu: "Nimepata mtoto wa mbwa, ni jike, nimwite nani?" Nimeona bora niandike somo moja, maswali tumalizane nayo hapo chini.

Niseme mapema kwamba mbwa hana habari na maana ya jina lake. Mwite Malkia, mwite Sufuria, kwake ni mlio unaotangulia chakula. Utamu wa jina unawahusu watu: wewe utakayelipaza saa tano usiku umeme umekatika, na jirani atakayelisikia ng'ambo ya uzio. Huyu jirani ndiye watu wanayemsahau.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mbwa wangu nilimwita Zena. Jina fupi, linateleza mdomoni, nikajiona fundi. Kumbe mama mzazi wa jirani yangu, anayekaa Ujiji na huja kwa mwanawe kila Ramadhani, ndilo jina lake. Siku hiyo zimebaki dakika chache watu wafuturu, mbwa akapanda kichanja akakomba dagaa wangu. Nikapaza sauti: "Zena! Mwizi mkubwa we! Toka hapo kabla sijakuchapa!" Ng'ambo ya uzio pakawa kimya. Kisha nikasikia sauti ya bibi, taratibu: "Jamani, huyu kijana nimemkosea nini?" Nilikwenda kuomba radhi na kilo ya tende mkononi, na usiku ule ule mbwa akabadilishwa jina.

Hatua ya 1: Kagua mtaa kwanza

Kigoma mjini na Ujiji Waislamu ni wengi, na wengi wanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Ukimpa mbwa jina la mke au binti wa Mtume umetukana, hata kama nia yako ilikuwa mapenzi. Maria naye muache kanisani. Halafu kuna majina yanayosikika kama mapambo, kumbe wenyewe wapo: Lulu, Pendo, Neema, Zabibu. Waulize watoto wanaocheza nje. Mtoto wa miaka minane anajua majina ya nyumba zote, mpaka la shangazi aliyeolewa Uvinza.

Na tafadhali, majina ya vijembe tuyaache kwenye khanga. Nimekutana na mbwa anaitwa Mtajiju, mwingine Hayawahusu. Mbwa wa watu hana ugomvi na mtu, anabebeshwa ujumbe asioujua.

Hatua ya 2: Silabi mbili, zikizidi sana tatu

Kiswahili kinatubeba hapa. Maneno yetu yanaishia na irabu, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jina la silabi mbili linaanza kwa nguvu na kumalizikia kwenye sauti unayoweza kuivuta: Tendeee! Asha... samahani, Asha ni mtu. Kwa sikio langu, majina yanayoishia na "u" hayaendi mbali, mdomo unajifunga kabla sauti haijatoka. Yenye "i", "e" na "a" yanafika.

Ukipenda jina refu, lipende, lakini jua mtaa utalikata. Wangu baada ya balaa la Zena aliitwa Mawese, kwa sababu manyoya yake ni mekundu kama mawese yaliyotoka kuchujwa. Haikupita wiki, watoto wakawa wanaita Mese, na Mese amebaki.

Hatua ya 3: Lisifanane na amri

Andika maneno unayomwambia mbwa kila siku: kaa, njoo, acha, toka, lala, shika. Jina lisikaribiane nayo. Kala linachanganyika na kaa na lala kwa mpigo. Chacha linagongana na acha. Hatari zaidi ni yanayofanana na "shika", kwa sababu neno hilo wengi wetu tunalitumia kumtuma mbwa kwa mwizi. Fikiria unamwita mbwa wako Shiko, muuza maziwa ndiyo kwanza anaingia getini.

Hatua ya 4: Mtazame yeye mwenyewe

Kaa naye siku tatu bila jina, hakuna anayekukimbiza. Ana rangi gani, anatembeaje, anaogopa nini? Jikoni kuna majina matamu kuliko popote: Asali, Tende, Karanga, Kashata, Halua, Embe, Tui kwa mweupe. Mdogo asiyetulia anaweza kuitwa Dagaa na watu wa ziwani wakakuelewa mara moja. Mrefu mwembamba, Migebuka, ila utarudi hatua ya 2 ulifupishe.

Kwa anayetaka jina lenye kumbukumbu, yupo Laika, mbwa jike aliyerushwa na Wasovieti kuzunguka dunia tarehe 3 Novemba 1957. Kabla ya hapo aliitwa Kudryavka, yaani mwenye vinywele vya kujisokota, na Laika kwa Kirusi linatokana na kubweka. Hakurudi hai, masikini, lakini jina linaitika vizuri. Hapa kwetu kuna Liemba, la meli yetu, na Luiche, la mto. Yote mawili ni ya kike kabisa masikioni mwangu, sijui kwa nini.

Hatua ya 5: Jaribio la geti

Jioni, bodaboda zikiwa zimechachamaa na redio za watu ziko juu, simama getini uite jina mara tatu kwa sauti kamili. Mtu mzima akigeuka kuitika, futa jina. Wewe mwenyewe ukiona haya, futa. "Mpenzi" linafia hapa. Kaka mmoja alilijaribu mbele yangu, akaita mara moja tu, akaingia ndani.

Hatua ya 6: Mfundishe

Hii ni fupi. Ita jina mara moja, kwa sauti ya furaha. Akikutazama, mpe kipande kidogo cha chakula papo hapo. Rudia mara chache asubuhi na jioni, dakika mbili tatu zinatosha. Usiite mara kumi mfululizo, atajifunza kwamba kumi ndiyo hesabu ya kuitika. Na usilitumie jina kumgombeza. Ukiwa na hasira sema "acha" tu. (Laiti ningelijua hili kabla ya ile Ramadhani.)

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Kasulu: Mwalimu, nimerithi mbwa jike wa miaka mitatu, mwenyewe alihama. Anaitwa Jangili na mimi silipendi. Atakubali jina jipya au nimeshachelewa?

Jibu: Hujachelewa, ndugu yangu. Meli ya Liemba ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa 1924, na jina la Liemba ikalipata 1927. Nani leo anaiita kwa lile la zamani? Kwa mbwa, yatamke pamoja kwa muda, jipya likitangulia: "Tende Jangili", umpe kitu. Kisha punguza la zamani mpaka lipotee. Mimi ilibidi la zamani ninong'one, kwa sababu mnazozijua.

Swali, kutoka Gungu: Mume wangu anasema mbwa wa ulinzi akiitwa Asali wezi watatucheka. Yeye anataka Simba au Kamanda.

Jibu: Dada, mwizi haji na daftari la majina. Anachosikia ni kubweka. Mwambie shemeji kwamba Simba wako wangapi mtaani kwenu? Akiita mmoja watakuja wanne. Akikaza sana, mwachieni yeye ataje dume litakalofuata.

Swali, kutoka Kibirizi: Nimechukua watoto wawili wa mama mmoja, wote majike. Nataka majina yanayofanana, kama kule Gombe wanavyofanya kwa sokwe.

Jibu: Swali zuri sana. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 aliwapa sokwe majina badala ya namba, na familia zikawa zinafuata herufi moja: mama Flo, watoto wake Faben, Figan, Fifi, Flint. Inapendeza na inasaidia kumbukumbu. Lakini kumbuka, sokwe wa Gombe haitwi kwa jina aje ale. Jina lile ni la watafiti na madaftari yao. Wewe utakuwa unaita. Ukisema Tende na Tembe, watakuja wote au asije yeyote. Wape majina ya ukoo mmoja wa maana, lakini yenye sauti tofauti: Asali na Tende, kwa mfano.

Swali, kutoka Katubuka: Wangu ana wiki tano, nimeshamtoa kwa mama yake. Nianze kumfundisha jina leo?

Jibu: Ungemuacha na mama yake mpaka wiki nane hivi, kama inawezekana kumrudisha, mrudishe. Jina unaweza kulitaja wakati wa kumlisha, bila masomo. Akifika miezi mitatu mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Hilo jina litaandikwa kwenye kadi ya chanjo, kwa hiyo uwe umeshaamua. Nilishaona kadi imeandikwa "Mbwa wa Baba Juma".

Swali, kutoka Mwandiga: Mkuu, nimwite jina la aliyeniacha?

Jibu: Utaliita mara ishirini kwa siku, kwa sauti ya mapenzi, kwa miaka kumi au zaidi. Yeye kakuacha mara moja tu. Hesabu mwenyewe.

Swali, kutoka Mwanga: Kaka, mimi ni jirani yako, unanijua. Nimemsomea mama hili somo lako mpaka mwisho. Anauliza, huyo mbwa hajambo? Na siku hizi anaitwaje?

Jibu: Hajambo, anaitwa Mese. Mfikishie mama shikamoo yangu, umwambie dagaa siku hizi naanika juu ya bati.